Kila Kitu Kilipitia kwa Mzee: uchambuzi wa kisa cha kifo cha wakili wa makampuni

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam. Majina ya marehemu, ofisi yake na wateja wake hayamo, aina za baadhi ya biashara nimezibadilisha, na viwango vya fedha nimeviacha kabisa. Familia imeridhia kiandikwe. Mimi ni mmoja wa mawakili wawili tulioombwa na mjane tusaidie kupanga mambo ya ofisi baada ya msiba, kwa hiyo msomaji anielewe kama mtu aliyekuwa ndani ya jambo. Marehemu nitamwita Mzee, kama walivyomwita watumishi wake, na sisi wenzake pia.

Usuli

Mzee alisoma sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanza uwakili miaka ya mwanzo ya 1990, wakati ambao mwanasheria wa biashara hakuweza kuuomba uwe bora zaidi. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ilikuwa imefungua mlango kwa mabenki binafsi. PSRC, tume ya serikali ya kurekebisha mashirika ya umma, ilikuwa inayabinafsisha mashirika hayo, na kila kiwanda kilichouzwa kilihitaji mtu wa kuandika mikataba, kukagua madeni na kuunda kampuni mpya. Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kazi. Mawakili wengi wa rika lake walibaki kwenye kesi za ardhi na jinai. Yeye alikwenda upande wa makaratasi, akakaa huko mpaka mwisho. Mahakamani alionekana kwa nadra, na akienda alikuwa kama mgeni, anauliza karani kesi inaitwa chumba gani.

Heshima yake aliipata kwa haki. Alijibu simu. Alisoma mkataba mpaka viambatisho. Wateja walimwamini kiasi cha kumwachia fedha za ununuzi wa hisa zikae kwenye akaunti yake mpaka masharti yatimie, mara nyingine kwa barua pepe ya mistari miwili tu. Alikuwa katibu wa kampuni kadhaa. Na kwa kuwa kwa miaka mingi sheria ya makampuni ilitaka wanahisa wasiopungua wawili, alikuwa pia "mwanahisa wa pili" katika baadhi yake: mwenye kampuni ana hisa 999, Mzee ana moja.

Ofisi ilikuwa na wakili kijana mmoja aliyeajiriwa, karani wa siku nyingi, na vijana wa mafunzo waliokuja na kuondoka. Mbia hakuwapo. Aliwahi kuwa na mbia, wakaachana kwa amani, na baada ya hapo akasema hataki tena kuomba ruhusa ya kununua kiti. Mtia saini wa akaunti ya wateja alikuwa mmoja tu.

Presha alikuwa nayo tangu zamani. Dawa alizimeza alipokumbuka. Mjane anasema mwaka wa mwisho alikuwa akilala saa nne za usiku na kuamka saa tisa kusoma nyaraka, na akiambiwa apumzike anajibu kwamba atapumzika shughuli fulani ikifungwa. Shughuli hiyo ikifungwa, kulikuwa na nyingine. Alipata kiharusi jioni ya Jumamosi akiwa ofisini, karani akamkuta sakafuni. Alifariki hospitalini usiku wa Jumatatu bila kurudi kwenye fahamu zake.

Wiki ya kwanza

Msiba wa mtu kama huyu hujaa. Turubai lilifika barabarani, kamati ya mazishi ikaundwa, na waliotoa rambirambi ni pamoja na wakurugenzi wa kampuni ambao mafaili yao yalikuwa mezani kwake wakati huo huo. Hawakujua kama waulize. Kila mmoja aliona si ungwana kuuliza habari za mkataba mbele ya jeneza, na kwa adabu hiyo nzuri siku tano zikapita bila mtu kujua ofisini kuna nini.

Aliyejua kidogo ni wakili kijana. Alijua kuna hati ya dhamana imesainiwa: kampuni moja ilikuwa imeweka mali zake zote rehani kwa mkopo wa benki. Kwa sheria yetu ya makampuni, dhamana ya namna hiyo inatakiwa iandikishwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndani ya siku 42 tangu iwekwe. Ikipita muda huo bila kuandikishwa, haina nguvu mbele ya mfilisi wala wadai wengine. Mzee alifariki siku ya 19. Nakala halisi haikuwa kwenye faili, haikuwa kwenye kasiki, na kompyuta yake hakuna aliyejua neno lake la siri.

Wakati huo huo yakaanza maombi madogo madogo. Mteja mmoja alimpigia karani akimwomba agonge muhuri wa Mzee wa kamishna wa viapo, yaani wa kuthibitisha viapo, kwenye hati moja, "tarehe ya Ijumaa, Mzee alikuwa bado yupo." Mwingine alitaka ritani, yaani taarifa ya kampuni ya kila mwaka, iwasilishwe BRELA kwa kutumia akaunti ya Mzee ya mtandaoni, maana namba ya uthibitisho ingekuja kwenye simu yake, na simu ilikuwa kwa mpwa wake. Haya yalisemwa kwa upole na watu wazima wenye heshima zao. Karani alikataa la muhuri pale pale. La simu lilimshinda, akasema atauliza.

Maamuzi ya awali, na sababu zake

Tulipoingia, jambo la kwanza tuliloomba ni vitu vitatu vikabidhiwe siku hiyo hiyo: mihuri, simu na funguo za kasiki. Mihuri ilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikasainiwa mgongoni na mjane, karani na sisi wawili. Simu ilizimwa. Mwenzangu aliona kuizima ni kupita kiasi, kwa kuwa wateja wangepiga na kukosa. Mimi niliona kila saa inayopita ikiwa imewashwa mikononi mwa mtu mwingine, kuna uwezekano wa nyaraka kuwasilishwa serikalini kwa jina la marehemu. Tukaizima, na mlangoni pa ofisi tukabandika namba ya wakili kijana.

Uamuzi wa pili ulikuwa barua kwa wateja. Baba mkubwa wa watoto, yaani kaka wa marehemu, alitaka tusubiri mpaka tanga livunjwe. Tulimwendea pembeni, nikamwambia: "Kaka, hawa watu wakisikia mitaani kwamba ofisi imefungwa, kesho watakuja na polisi. Wakipata barua leo, watakuja na subira." Akakubali, ila akataka jina la familia lisitajwe. Barua ilikuwa fupi: Mzee amefariki, faili lako lipo salama, tuambie kama una jambo lenye tarehe ya mwisho ndani ya siku 60. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu wateja walizijua tarehe zao kuliko sisi.

Hati ya dhamana ilipatikana kwenye buti la gari. Gari lilikuwa limerudishwa nyumbani na dereva siku ya kiharusi, likafunikwa, likasahaulika. Ndani ya mkoba, chini ya viatu vya mazoezi ambavyo nina hakika havikuwahi kuvaliwa, kulikuwa na hati mbili zilizokamilika na fomu ya BRELA iliyojazwa nusu. Sasa nani awasilishe? Wakili kijana alikuwa tayari kusaini, lakini hakuwa na barua yoyote ya mteja inayompa kazi hiyo. Sheria inamruhusu mwenye maslahi kwenye dhamana kuiandikisha mwenyewe, kwa hiyo tukaikabidhi kwa mwanasheria wa benki iliyokopesha, tukapata risiti. Iliandikishwa siku ya 40.

Hisa zilizosainiwa bila tarehe

Kasiki ilifunguliwa mbele ya mjane. Rafu ya juu kulikuwa na bahasha za kaki, kila moja ina herufi mbili au tatu kwa penseli. Ndani ya kila bahasha kuna cheti cha hisa kwa jina la Mzee na fomu ya kuhamisha hisa ambayo ameshaisaini. Jina la anayehamishiwa halipo. Tarehe haipo.

Wanaofanya kazi hii wanaijua desturi hiyo. Mwanahisa wa jina anasaini fomu mapema ili mwenye mali aweze kuichukua hisa yake siku yoyote bila kumtafuta. Inafanya kazi vizuri sana maadamu aliyesaini yu hai. Akishafariki, fomu ina matatizo mawili. Ukiandika tarehe ya leo, unaonyesha maiti akihamisha mali. Ukiandika tarehe ya mwezi uliopita, umeghushi. Wateja wawili walituambia waziwazi kwamba wangependa njia ya pili, na mmoja alitukumbusha kwamba Mzee mwenyewe angefanya hivyo. Sidhani. Lakini hata kama angefanya, hakuwapo.

Tuliamua bahasha zote zisubiri msimamizi wa mirathi, ambaye kisheria anasimama mahali pa marehemu na anaweza kusaini uhamisho kwa jina lake mwenyewe. Gharama ya uamuzi huo ilikuwa muda. Kampuni moja ilikuwa kwenye mazungumzo ya kuuzwa na mnunuzi akataka wanahisa wote wasaini. Hisa moja ya Mzee ilizuia mauzo kwa miezi, mnunuzi akachoka akaondoka. Mteja huyo hajatusamehe, na namwelewa.

Jambo moja zaidi kuhusu bahasha hizo. Mbili kati yake hazikuwa na karatasi yoyote inayosema hisa ni za nani. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni inatakiwa kumtaja kwa BRELA mmiliki manufaa, yaani mtu ambaye hisa ni zake kwa kweli hata kama jina ni la mwingine, na tulitegemea huko tungepata jibu. Kampuni moja ilikuwa imemtaja. Nyingine ilikuwa imemwandika Mzee mwenyewe kuwa ndiye mmiliki wa kweli, pengine kwa uvivu wa kujaza fomu, na kwa uvivu huo hisa ya mtu mwingine ikawa, kwenye kumbukumbu za serikali, mali ya watoto wa marehemu.

Kikao cha ukoo

Hapa ndipo mambo yalikaribia kuharibika.

Mpwa, yule aliyekuwa na simu, alikuwa ameona ujumbe wa benki wenye salio. Lilikuwa salio kubwa kuliko kitu chochote ambacho ukoo huo uliwahi kukisikia. Kikao kilipokaa baada ya tanga ili kumpendekeza msimamizi wa mirathi, salio hilo lilikuwa limeshafika kila mahali. Kaka wa marehemu alisema kwa furaha ya kweli kwamba mdogo wake hakuwasahau. Mjane alijua si hivyo, lakini katika kikao hicho, mjane akisema fedha si za mume wake, ingechukuliwa kwamba anazificha.

Mwenzangu alikuja na kaunta buku. Hiki ndicho kitabu ambacho Mzee alikiandika kwa mkono wake, kila fedha ya mteja iliyoingia na kutoka, wino wa bluu kwa iliyoingia, mwekundu kwa iliyotoka. Alikitandika juu ya mkeka mbele ya wazee akaanza kusoma: jina la kampuni, tarehe, kiasi, sababu. Akageuza ukurasa, akasoma tena. Watu walimwacha asome. Alipofika karibu katikati, kaka akamkatiza: "Kwa hiyo ya kwake ni ipi?" Akamwonyesha safu ya mwisho kulia, ambapo Mzee aliandika ada anazostahili kuhamishia kwenye akaunti yake mwenyewe. Kaka akavaa miwani, akajumlisha mwenyewe kwa kidole. Kisha akasema, "Haya. Za watu zirudi kwa watu."

Tuliwaeleza na upande wa sheria. Fedha za amana, yaani za wateja alizozishika tu, si sehemu ya mirathi. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita tangu kuteuliwa, na hesabu za mwisho ndani ya mwaka mmoja, na akiziingiza fedha za wateja kama mali ya marehemu anakuwa ameiambia mahakama jambo lisilo kweli. Lakini kusema haki, kilichowageuza ni kaunta buku. Sheria walishaisikia kutoka kwetu kabla, wakaiona ni maneno ya mawakili.

Muhtasari wa kikao ulimpendekeza mjane na kaka wawe wasimamizi wa pamoja. Wosia ulikuwepo wa namna fulani: rasimu iliyochapwa, Mzee ameisaini, nafasi za mashahidi wawili ziko wazi. Hatukuutegemea. Tuliona ni heri familia ikubaliane kuliko kwenda kubishania karatasi isiyo na mashahidi.

Benki na mahakama

Benki ilifunga akaunti mara ilipopata taarifa ya kifo, na ilifanya sawa. Tulifungua maombi mawili Mahakama Kuu: usimamizi wa muda kwa ajili ya kukusanya na kulinda mali tu, kisha usimamizi kamili. La kwanza lilitolewa mapema na likatuwezesha kupata taarifa rasmi ya benki ya kulinganisha na kaunta buku. Tofauti ilikuwa ndogo na karibu yote ilikuwa makato ya benki yenyewe. Ingizo la mwisho la Mzee lilikuwa la wiki tatu kabla ya kifo. Kilichoingia baada ya hapo tulikitambua kwa majina ya waliotuma.

La pili lilichukua muda wake: tangazo la kuita wenye pingamizi, wadhamini wa msimamizi, tarehe zilizoahirishwa. Fedha za wateja zilianza kutoka karibu miezi minane baada ya kifo, kwa amri ya mahakama, kila mmoja akisaini kupokea.

Fungu moja bado halijatoka. Ni fedha za ununuzi wa hisa ambapo muuzaji anasema masharti yalitimia na mnunuzi anasema hayakutimia. Aliyepaswa kuamua, kwa mujibu wa barua pepe pekee iliyopo, ni "wakili kwa kadiri atakavyoona inafaa." Wakili huyo ndiye marehemu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni vitu vya kawaida kabisa. Kitabu cha mkono kilichoandikwa mara kwa mara kilishinda mfumo wowote wa kompyuta, kwa sababu kilifunguka bila neno la siri na mtu asiye mwanasheria aliweza kukisoma. Uaminifu wa karani kuhusu muhuri ulizuia kosa ambalo lingechafua kila hati halali ambayo Mzee aliwahi kuigonga. Na kuwauliza wateja tarehe zao badala ya kujifanya tunazijua kuliokoa dhamana ya benki na jambo jingine la ushuru wa stempu ambalo sikulieleza hapa.

Kilichoshindwa, wengi watasema, ni kukosa mbia. Sikubaliani nao kikamilifu. Kwa kawaida kifo cha mbia mmoja huvunja ubia kama mkataba wa ubia haukusema vinginevyo, na nimeona ofisi zenye wabia watano ambako wanne husaini wanapoonyeshwa. Mzee hakuhitaji mbia ili aongeze mtia saini wa pili kwenye akaunti ya wateja. Hakuhitaji mbia ili aweke ndani ya kila bahasha ya kaki karatasi moja inayosema: hisa hii ni ya fulani, mimi naishika tu. Wala ili amwandikie wakili mwenzake anayemwamini barua ya kumpa uangalizi wa mafaili, nakala moja kwa mke wake.

Swali linalonisumbua zaidi ni kwa nini hakuna aliyemuuliza. Mabenki yaliyomtumia, wakaguzi wa hesabu wa wateja wake, wanasheria wa ndani wa kampuni kubwa: hawa ni watu wanaolipwa kuuliza. Nimezungumza na wawili kati yao. Mmoja alisema alidhani amepanga. Mwingine alisema wazi kwamba kumuuliza Mzee "ukifa itakuwaje" kungeonekana kama kumtabiria mauti, na pia kama kumshuku. Kwetu suala hili huangukia pabaya: adabu kwa mkubwa na uhakika wa fedha za mteja vinataka mambo tofauti, na adabu ndiyo iliyotangulia. Wakili kijana alijua kwa mwaka mzima kwamba mtia saini ni mmoja. Alikuwa na miaka miwili kazini. Sijui angeanzia wapi.

Kuhusu afya yake nasema kidogo, kwa kuwa si taaluma yangu. Ila mpangilio wa kazi uliohitaji yeye aone kila karatasi ndio huo huo uliomfanya asiweze kukosekana hata siku ya kliniki. Waliomtegemea hawakuwa na namna ya kumpumzisha hata kama wangetaka.

La mwisho ni ada. Mzee aliandika bili vibaya, kama wengi wetu. Sehemu kubwa ya kazi ya mwaka wake wa mwisho haikuwa imedaiwa, na safu ile ya kulia kwenye kaunta buku ilikuwa na alama za kuuliza mahali pa tarakimu. Tuliwaandikia wateja, kila mmoja akaelezwa kazi iliyofanyika na kuombwa apendekeze kiasi. Zaidi ya nusu walilipa, baadhi zaidi ya tulivyotarajia. Wengine wako kimya mpaka leo. Mmoja, ambaye mkataba wake ulikuwa mrefu kuliko yote kwenye kasiki, alijibu kwamba yeye na Mzee walikubaliana kwa mdomo kuwa kazi ile ni ya kirafiki. Wasimamizi wa mirathi hawana karatasi ya kumjibu nayo.